Wiki Niliyolipua Nyota

Jumatatu, 9 Juni

Fizikia iko mahututi. Mwalimu Mkuu katangaza leo kikaoni, kwa sauti ileile anayotangazia kwamba bomba la maji limepasuka: Ijumaa wanafunzi wa kidato cha pili watachagua masomo ya mwakani. Somo litakaloshindwa kujaza darasa litafungwa. Hakunitazama. Wengine wote wakanitazama.

Nikauliza, kwa unyenyekevu mkubwa, mwalimu wa somo lililofungwa atafanya kazi gani. Akasema kuna nafasi kwenye michezo. Kukimbiza vijana uwanjani alfajiri! Mimi, ambaye nikipanda ngazi za maktaba nashika ukuta na kujifanya nasoma matangazo! Mwalimu wa michezo akanipigapiga begani. Akasema atanitafutia filimbi.

Tatizo langu linavaa koti jeupe. Madamu Povu. Ndivyo wanafunzi wanavyomwita mwalimu wa Kemia. Kila mwaka, siku ya kuchagua masomo, kunakuwa na maonyesho ukumbini, na kila mwaka anamimina vitu vyake kwenye chupa ndefu ya kioo. Povu linafumka. Watoto wanapiga mayowe. Nusu ya shule inataka Kemia. Mwaka jana mimi nilionyesha msuguano. Nilisukuma tofali juu ya meza. Tofali likakataa kwenda. Nikawaambia: huo ndio msuguano. Mtoto wa mstari wa mbele alilala, na si usingizi wa kuigiza.

Lakini mwaka huu! Nimekumbuka jambo. Mlipuko mkubwa kuliko yote si wa Kemia. Ni wetu! Nyota kubwa ikifa, hung'aa peke yake kuliko mabilioni ya nyota zilizoizunguka. Supanova! Povu ni nini mbele ya supanova? Ni mate tu. Ijumaa nitalipua nyota mbele ya shule nzima.

Bado sijajua kwa kutumia nini.

Jumanne, 10 Juni

Hatua ya kwanza: kumnyima adui uwanja. Nimefika shule kabla ya mlinzi kumaliza chai. Nikaenda moja kwa moja kwa mtunza bohari, mwenye funguo zote. Nikasifu viatu vyake. Nikasifu kufuli zake. Kisha, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, nikaomba ukumbi wote wa Ijumaa uandikwe Fizikia, maana mlipuko wangu unahitaji nafasi.

Akacheka. Akasema Madamu alishapita wiki iliyopita. Tena alichukua nusu tu. Nusu ya pili aliomba niwekewe mimi, upande wa madirisha, kwenye mwanga mzuri, kwa sababu Mwalimu mwenzake ana kawaida ya kusahau.

Kusahau! Nilikuwa nimesahau, ndiyo, lakini yeye alijuaje?

Mtu hakupi nusu ya ukumbi bure. Nia yake iko wazi kama mchana: anataka nikae karibu naye ili nionekane mdogo. Kama mshumaa kando ya tanuri. Mbinu safi sana. Lazima nikiri, ningeitumia mwenyewe.

Saa ya chai akaniuliza nitaonyesha nini. Nikasema supanova, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye birika. Hakucheka. Akauliza swali, na swali lenyewe lilikuwa zuri, jambo lililoniudhi: kitu hakiungui bila oksijeni, sasa nyota huko angani inaipata wapi oksijeni ya kuungulia?

Chumba kizima kikanigeukia. Wote wanangoja nianguke.

Nikasema haiungui! Nyota si moto, ingawa tunaiita moto kwa mazoea. Ni kubanwa. Uzito wake wenyewe unaikandamiza katikati mpaka viini vya haidrojeni vinaungana kuwa heli, na kila vinapoungana vinaachia joto. Heli nayo inabanwa, inakuwa kaboni. Kaboni inabanwa. Nyota kubwa inajipika tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu, kila tabaka la ndani likiwa moto zaidi na likiisha upesi zaidi. Nikasahau kwamba nina chai mkononi. Nikasahau kwamba huyu ni adui. Nikasema hapo katikati kabisa kinatokea chuma, na chuma ndio mwisho wa habari, kwa sababu chuma ukikiunganisha hakikupi kitu. Kinakudai! Nyota iliyokuwa ikiishi kwa kujipika ghafla inakuta sufuria haina kitu.

Mwalimu wa Jiografia akasahau kipindi chake. Madamu Povu alikuwa ameweka kidevu kwenye kiganja. Kengele ilipolia akasema, "Mwalimu, maneno haya mbona huwaambii watoto? Wao unawapa tofali."

Nikaenda kusuuza kikombe changu. Mtego ule.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata wazo la puto. Puto kubwa, lijazwe unga, lipulizwe mpaka likaribie kupasuka, kisha sindano. Unga utatapakaa kwenye mwanga wa dirisha kama gesi ya nyota angani. Rahisi, na la kupendeza. Mke wangu, aliyekuwa anatoka kwenda zamu yake hospitalini, akaniambia neno moja tu mlangoni: usifanye. Hakueleza nini nisifanye. Wauguzi wana hisia.

Nikafanya. Sebuleni, maana jikoni kuna upepo. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu alipofanyiwa upasuaji wa goti, alikuwa amesinzia kwenye kochi, redio mapajani. Sikutaka kumsumbua.

Mlipuko ulikuwa mkubwa kuliko mahesabu yangu.

Mama mkwe akaruka, na goti lake lile! Akapiga kelele kwamba mtungi wa gesi umelipuka, kila mtu atoke, aachwe yeye, yeye ameshaishi. Alikuwa mweupe kutoka nywele hadi kucha. Kuna aina ya nyota inaitwa kibete cheupe, ndogo, nzito na hatari sana. Sijapata kuiona kwa karibu hivyo. Lakini si maneno ya kumwambia mama mkwe.

Nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba ni nyota. Akajipangusa macho, akabaki na miduara miwili kama miwani, akauliza nyota hufa kwa nini.

Nikakaa chini kwenye unga. Nikamwambia nyota siku zote iko kwenye mvutano: uzito wake unaivuta ndani, joto lake linaisukuma nje, na maadamu hakuna anayeshinda, inawaka. Akatazama tumbo langu. Akasema ameelewa, ni kama kifungo cha shati langu. Kinashikilia mpaka siku yake.

Sijapata mwanafunzi aliyeelewa haraka namna ile.

Nikaendelea. Siku joto linaposhindwa, kile kiini cha chuma, kikubwa kama dunia nzima hii, kinaporomoka. Hakiporomoki kama ukuta. Kinaporomoka chote kwa mara moja, kabla hujamaliza kupepesa jicho, mpaka kinakuwa mpira wa kuenea mji mmoja tu. Hapo hakibaniki tena. Vinavyoanguka juu yake vinagonga na kurudi. Ndipo nyota inapasuka. Na vile vyote ilivyovipika maisha yake yote inavitupa nje, na humo ndimo kilimotoka chuma kilichomo kwenye damu zetu.

Mama mkwe akatazama mkono wake. Akaugeuza. Akasema, "Maskini. Imehangaika yote hiyo, halafu ikagawa."

Sijapata kuona mtu akiihurumia nyota. Kwa dakika kadhaa tulikaa tu, mimi na yeye, weupe wote wawili, na sikuwa na hila yoyote kichwani. Hali ngeni.

Mke wangu akarudi. Akauliza ni nani atapiga deki. Mimi nikapiga deki, na wakati napiga deki nikagundua kosa langu. Puto linapasuka kwa kushiba. Nyota hii hailipuki kwa kushiba. Inalipuka kwa sababu kwanza imeanguka! Ninahitaji kitu kinachoanguka.

Mipira!

Alhamisi, 12 Juni

Mwalimu wa michezo kanikopesha mpira wa kikapu na wa tenisi. Ananiita msaidizi wake. Anadhani anatania.

Jaribio liko hivi. Unashika mpira mkubwa, juu yake unaweka mdogo, unaiachia pamoja. Mkubwa ni kiini cha nyota, mdogo ni tabaka la nje. Mkubwa unagonga sakafu, unarudi juu, unakutana na mdogo unaoshuka, na kuupa sehemu kubwa ya nguvu zake. Mdogo haudundi. Unaruka! Juu mara kadhaa ya pale ulipotoka.

Nikajaribu nyuma ya ofisi, chini ya dirisha lililo wazi. Ukaruka vizuri mno. Uliingia dirishani kwa Mwalimu Mkuu wakati anaongea na mgeni kutoka wizarani. Nilisikia kikombe. Kisha nikasikia jina langu. Mpira sasa uko kwenye droo yake, na mimi nimepewa onyo, na mgeni wa wizarani, ambaye shati lake lilikuwa jeupe, ametaka kujua mimi nafundisha nini.

Hali imekuwa mbaya. Hali mbaya huzaa fikra kubwa. Kama nyota yangu haiwezi kupanda, povu lake linaweza kushuka!

Nimewahi kumtazama anavyofanya (kwa ajili ya upelelezi). Anachanganya dawa na sabuni ya maji, halafu anatia kichocheo cha kuifanya dawa itoe oksijeni upesi. Bila sabuni hakuna povu. Sabuni iliyojaa unga ni uji. Mchana nikakimbia nyumbani, nikachukua kopo la unga rafuni, nikarudi, nikanyemelea maabara ya Kemia. Hakuna mtu. Chupa ya sabuni hiyo hapo mezani. Nikamimina, nikakoroga kwa kijiko, unga mwingine ukinimwagikia kiatuni. Kwa sababu ya haraka, si kwa sababu nyingine.

Mlango ukafunguka. Yeye!

Nikasema nimekuja kuistaajabia maabara yake. Akasema karibu. Akaeleza hata mahali anapoweka glavu. Kisha akasema amesikia habari za mpira na dirisha, pole sana, na akatoa mfukoni mpira wa tenisi, mpya, wa mwanawe. Nikaupokea. Nikauweka mfukoni, juu ya kijiko.

Nimekula chakula cha jioni bila hamu. Huenda ni mafua.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwalimu Mkuu mbele. Mgeni wa wizarani kando yake, kavaa shati la rangi ya kahawia, kwa tahadhari. Mama mkwe naye alikuja! Na fimbo yake, akapewa kiti cha heshima.

Madamu Povu akaanza. Akamimina dawa kwenye chupa ndefu. Akachukua sabuni yake. Nikavuta pumzi. Akatia sabuni.

Hakuwahi hata kugusa kichocheo! Povu lilitoka kwenye ile chupa kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Lilifika dari. Sisemi kwa kutia chumvi, kuna alama pale. Likashuka mezani, likavuka mstari wa katikati, likaingia Fizikia. Watoto walisimama juu ya viti. Mwalimu Mkuu alipiga makofi! Madamu mwenyewe alikuwa ameshangaa, povu hadi viwiko, anacheka kama msichana, na hata mimi, katika hali ile ya maafa, niliona kwamba ni kitu kizuri. Mwanga wa dirishani ulikuwa ndani ya kila kiputo.

Kisha zamu yangu.

Nikasimama kwenye kisiwa changu cha mwisho cha sakafu. Nikaachia mipira. Mkubwa ukatua kwenye povu, ukateleza, ukaondoka zake mlangoni. Mdogo ukaniangukia mguuni. Halafu kicheko, cha ukumbi mzima. Mwalimu wa michezo akanionyesha filimbi kwa mbali.

Sikuwa na hila iliyobaki. Hata moja. Basi nikawaambia wanyooshe vidole gumba.

Sijui kwa nini walitii. Nikasema tazama ukucha wako. Sasa hivi, ukitazama, mabilioni ya chembe yanapita katika ukucha huo kila sekunde, yanatoka kwenye jua, yanaingia huku na kutoka kule, na wewe husikii kitu. Zinaitwa nyutrino. Hazijali ukuta, hazijali dunia. Nyota kubwa inapoanguka, nguvu zake karibu zote zinaondoka na hizo nyutrino. Ile nuru inayoshinda mabilioni ya nyota ni makombo tu! Ni chenji!

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Nikawaambia wafunge macho. Nikapiga kofi moja. Nikasema: tayari. Katika kofi hilo kiini kikubwa kama dunia kimeporomoka. Nyota iliyoishi mamilioni ya miaka imekufa ndani ya kofi. Na ungekuwa karibu usingesikia mlio, maana hakuna hewa ya kubeba sauti. Kitu kikubwa kuliko vyote kinatokea kimya kama tulivyo sasa.

Na kweli tulikuwa kimya. Ulisikika mpasuko mdogomdogo wa povu likifa.

Hapo Madamu Povu akanyoosha mkono, kama mwanafunzi. Akauliza: na oksijeni iliyomo kwenye viputo hivi? Nikasema hiyo pia. Ilipikwa kwenye nyota kubwa na kutupwa nje ilipolipuka. Haidrojeni hapana, hiyo ni ya tangu mwanzo wa mambo. Lakini oksijeni yako yote, Madamu, ni zawadi ya nyota zilizokufa.

Akaniangalia. Akavua koti lake jeupe, akapiga magoti, akafuta nalo sakafu mpaka ikakauka. Mbele ya watu wote! Akamtuma mtu alete mpira wa kikapu. Akasema, "Haya, Mwalimu. Tuangushie."

Nikapanda kiti. Nikaachia.

Mpira wa tenisi ulikwenda juu kama umeitwa. Ukagonga dari, ukaangusha vumbi la miaka yote juu ya Mwalimu Mkuu na shati la kahawia, na ukumbi ukapasuka kwa kelele ambazo hazijawahi kusikika katika historia ya Fizikia. Mama mkwe alikuwa anapiga fimbo sakafuni, akiwaeleza majirani zake kwa sauti kubwa kwamba ndani kuna chuma.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe kauliza nani amegusa kopo lake la hamira. Anataka kuoka mkate.

Nikasema sijui. Nikaenda chumbani. Nikakaa kitandani. Hamira, si unga! Niliisoma mahali: hamira huichochea ile dawa kupita kiasi. Nimemtengenezea adui povu bora la maisha yake.

Jumatatu, 16 Juni

Orodha zimebandikwa. Fizikia imejaa! Viti havitoshi, wengine watakaa madirishani! Mwalimu wa michezo kachukua filimbi yake kwa huzuni.

Nilipokuwa nimesimama pale nikizisoma, msichana mmoja kaniambia yeye alishachagua Kemia, ila baada ya maonyesho Madamu aliwaambia darasani kwamba mwenye kutaka kujua oksijeni ilianzia wapi aende mlango wa pili, kwa Mwalimu. Wengi wakahama.

Nikaenda kumwona. Nikamkuta anaosha vyombo. Akasema, bila kugeuka, kwamba ile sabuni ya Ijumaa ilikuwa inanukia mkate. Nikatazama dari. Akasema kwa miaka yote aliyofundisha hajapata kuona povu kama lile, na kama siku moja nitakumbuka kipimo, anakiomba. Kisha akanipa chai.

Pua gani hiyo! Roho gani! Mwanamke huyu ni wa ajabu, naandika hapa ambapo hataona. Anajua kila kitu na hasemi kitu. Nilikunywa chai yote.

Mwalimu Mkuu naye katuita wote wawili. Mgeni wa wizarani amefurahi. Muhula ujao tufanye onyesho jingine, kwa pamoja, mbele ya wazazi.

Nimewaza njia nzima ya kurudi nyumbani, na somo la wiki hii liko wazi kabisa: hila zinafanya kazi. Nilipanga, nikatekeleza, Fizikia ikaokoka. Kasoro pekee ilikuwa udogo wa mipango.

Kwa hiyo sasa: nyota mbili za nyutroni! Hivyo ndivyo viini vinavyobaki baada ya nyota kufa. Wakati mwingine viwili huzungukana, vinakaribiana, vinagongana, na humo zinatoka dhahabu. Dhahabu! Wazazi watapenda. Nimeshazungumza na mtunza bohari kuhusu toroli mbili za mafundi ujenzi. Moja itashuka kutoka upande wa tangi la maji, ya pili kutoka upande wa maktaba, zikutane katikati mbele ya wageni. Kwenye moja nitapanda mimi. Kwenye nyingine amekubali kupanda Madamu. Nimemhakikishia hakuna hatari yoyote.

Anataka kujua zitasimamaje. Nimemwambia hilo ni la Fizikia.